Miti Niliyoificha Ndani ya Mahindi

Mvua zikianza, watu wa Likasi hupanda mahindi popote jembe linapoingia: kando ya reli, nyuma ya shule, hata katikati ya mzunguko wa barabara. Mimi nilikuwa mwanamke aliyelipwa na mji ili ayakate. Sheria ilikataza mimea mirefu mjini, eti inaficha wezi na kufuga mbu, na viwanja vyote vya mji pamoja na bustani zake vilikuwa mikononi mwangu. Wanawake wakiniona sokoni waligeuza uso. Nilipita tu. Nina kichwa kigumu tangu utoto.

Kiwanja kimoja, hata hivyo, kilininyima usingizi. Kilikuwa kando ya hospitali ya wazazi, na mji ulikitenga zamani kiwe bustani, jamaa za wagonjwa wapate kivuli cha kupikia. Bustani yenyewe haikuwapo. Palikuwa na nyasi. Basi mfanyabiashara mmoja wa bia, mtu mwenye marafiki ndani ya Chama tawala, akakitaka ajenge baa. Alimwambia komiseri wa mji kwamba ardhi ile imelala bure, na komiseri akaniita ofisini, akaanza na lile neno la Kifaransa la "raia" ambalo Chama kilitulazimisha kuitana.

"Citoyenne, mvua ikiisha nitakuya kuona. Nikikuta majani tu, ile parseli ni yake."

Nilitoka nimekasirika. Baa, mbele ya wanawake wanaojifungua! Lakini miti ningeipanda na nani? Vibarua wangu walikuwa wamechukuliwa kwenye kikundi cha animation, kuimba na kucheza sifa za Kiongozi kila alipofika mgeni mkubwa. Walicheza vizuri, siwezi kukana, lakini mashimo hayakuchimbwa. Nyumbani nilikuwa na miche ya jakaranda imejaa uani, kwenye makopo ya maziwa, inaningoja.

Ikabaki Salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi. Wanawake wa mtaa walipoletwa kufagia, niliwaongoza hadi kiwanjani nikawaambia walime mahindi. Wakacheka wote. Mjane mmoja wa kutoka Kapolowe, ambaye msimu uliopita nilimkatia shamba zima, akanikaribia.

"Weye njo ulikuwa unatukatiaka mahindi. Leo unasema tulime? Iko mutego gani apa?"

"Iko miti," nikamjibu. "Kila mama atapata mustari yake, na mahindi ni yake. Lakini ndani ya mustari nitatia miti mbili, ataipalilia sawa vile anapaliliaka mahindi. Muti ikikufa, mwaka kesho hana mustari."

"Na sheria?"

"Sheria ni minye."

Nilijitapa tu kujiita sheria; komiseri angeweza kunifukuza kazi. Ila nilikuwa nawajua watu wetu. Hapa mtu anaweza kunyang'anywa nyumba mchana kweupe, lakini mahindi yaliyosimama hakuna anayeyakanyaga, ila mimi niliyelipwa kuyakata. Hata askari husubiri mwenyewe avune.

Wakalima. Mahindi yakakua, yakaimeza miche yote. Mama mmoja aling'oa mche wake akidhani ni gugu, na kesho yake alfajiri nikamwona kupitia dirishani anaiba mwingine uani kwangu ili aupande badala yake. Nilirudi kitandani nikicheka peke yangu.

Mvua zilipokatika, komiseri akaja pamoja na yule mtu wa bia, na wanawake wa mistari nao wakakusanyika. Mahindi yalikuwa bado yamesimama, yamekauka, marefu kuliko kofia zao. Mtu wa bia akafurahi.

"Ona, citoyen komiseri! Bustani iko wapi? Ni shamba. Yeye mwenyewe amevunja sheria."

Komiseri akanitazama. Niliona nimepoteza kiwanja na kazi kwa pamoja.

Mjane wa Kapolowe hakungoja nijibu. Aliingia kwenye mstari wake, akalivunja bua la kwanza, akalitupa chini, kisha la pili. Wenzake wakamfuata, kila mmoja kwenye mstari wake, wanavuna haraka, mabua yanalia. Nyuma yao jakaranda zikaanza kuonekana, zimefika kiunoni, mstari kwa mstari, chini yake pasafi bila gugu hata moja. Mimi mwenyewe sikujua zingependeza namna ile.

Komiseri alitembea katikati ya miti taratibu. Akasimama mbele ya yule mjane, akauliza, "Hii miti ni ya nani?"

"Ni ya mji, citoyen," mjane akasema, huku anajifuta jasho kwa pindo la kikwembe chake. "Na mji njo siye."

Komiseri akamgeukia mtu wa bia, akamwambia atafute parseli pengine. Mimi nililia palepale mbele ya watu wote, kwa fahari tupu, na wala sikuyafuta machozi.