Kiwanja Kitupu cha Mama Neema

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya ardhi pale Mpanda, mwanzoni mwa miaka ya tisini, niliripoti na viatu vya visigino virefu. Afisa Mipango Miji, mzee mkali lakini msikivu, akavitazama na kucheka. "Binti, kavae ndala. Ramani inaanzia miguuni." Nilikuwa mchora ramani: wapima ardhi wakishapima, mimi nahamishia kwenye karatasi.

Miaka michache baadaye tulipewa kazi ya kupanga mtaa mpya pembeni ya mji, jirani na kwangu. Shule ya msingi niliiweka kwenye eneo zuri, tambarare, karibu na nyumba za watu. Mwanangu Neema angesoma hapo, kwa hiyo niliichora kwa moyo wote.

Afisa alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kupigilia vigingi vya mipaka, lazima wenyeji waulizwe, watoto wakiwemo. Maofisa wenzake walimcheka sana. Siku ya mkutano sisi wazazi tulikaa kwenye mabenchi, naye akawapa udongo watoto wa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani.

"Haya, nyie, nitengenezeeni mtaa wenu wakati wa masika."

Wakajenga nyumba. Wakafinyanga ng'ombe wenye pembe ndefu, kama wachezavyo kila siku machungani, wakawapanga njiani. Katikati wakaacha pengo.

"Udongo umewaishia?" Afisa akauliza.

"Hapana, babu," akajibu Kabula, binti mdogo aliyekuwa bado ana tope viganjani. "Masika ng'ombe hawapiti hapo. Wananasa mpaka tumboni."

Pengo lile lilikuwa palepale nilipoichora shule yangu. Siwafichi, roho iliniuma.

"Mama Neema, futa," Afisa akaniambia. "Shule ipande kule mlimani."

"Ni mbali, mzee. Watoto watachoka."

"Watachoka, lakini watafika."

Nikafuta.

Shule ilikuwa imeshazoeleka ulipokuja mwaka mmoja wa mvua zisizokatika. Asubuhi moja bonde lote, pamoja na pale nilipotaka shule iwe, lilikuwa maji. Nilisimama mlangoni kwangu, nikasikia kutoka mlimani darasa la Neema likiimba hesabu. Nililia palepale kwa kushukuru.

Sasa nimestaafu. Vijana wa mipango miji wakija kunisalimia, huniuliza ni jengo gani mjini ninalojivunia. Nawapeleka bondeni, kwenye kiwanja ambacho kiangazi watoto wanachezea mpira na masika wanakiachia vyura.

"Mbona hakuna kitu, bibi?" wanashangaa.

"Ndicho hicho," nawajibu.