Jani la Mama Mkwe

Tangu biashara iachiwe huru, hata sosi ya soya imefika Kyela. Jumapili niliionja mtaani Mbugani, kwa rafiki yangu aliyeoa majuzi. Mkewe aliwahi kula kwenye hoteli ya Wachina Dar es Salaam, akaazimia kumkaribisha mama mkwe kwa chakula kile kile: kuku aliyekatwakatwa na kukaangwa kwa tangawizi na sosi, kisha akafungwa kwenye jani la saladi.

Mama mkwe alilifungua jani taratibu, akala kuku wote, halafu akalisukuma jani pembeni kama la mgomba la kufungia chakula.

"Ndaga, asante mwanangu, kuku mtamu. Ila jani hukulibabua motoni. Limebaki bichi!"

Sote tukatazama dari. Bi harusi akapiga magoti, akafunga jingine, akampa kwa mikono miwili.

"Mama, na hili umalizie na jani lake."

Mama akatafuna. Kru! Kru! Akamgeukia mwanawe: "We baba, umeoa! Mpaka sahani tunakula. Niongeze, mwanangu."

Wasomaji, kumrekebisha mama mkwe mezani mpaka akaomba nyongeza ni ufundi kupita mapishi. Ningempigia makofi, ila kiganjani nilikuwa nimeficha jani langu.