Kidonda cha Baba Sifa

Jumamosi ile nilikuwa nafua nguo nje ya nyumba yetu katika mtaa wa Mbotela, jijini. Jua la baada ya Krismasi lilikuwa kali. Shati lilikauka kabla sijaanika jingine. Mume wangu Barasa, fundi wa mabomba, alikuwa ameketi mlangoni na redio mapajani. Kura za urais zilikuwa zimeshapigwa, sasa matokeo yalikuwa yakisomwa polepole mno. Binti yetu, Sifa, tulikuwa tumempeleka kwa bibi yake magharibi mwa nchi kwa likizo. Mama Wambui, jirani wa mlango wa pili aliyeuza mboga, alinisaidia kukamua shuka, tukacheka sana. Tulichokicheka nimekisahau.

Mshindi alitangazwa kesho yake jioni. Chai haijaiva, tukasikia makelele upande wa Barabara ya Jogoo. Kisha milio ya bunduki.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha sabuni, na huko walinifundisha huduma ya kwanza. Zahanati ya mtaa ilipofungwa, watu walianza kubisha kwangu. Mama mmoja alimleta mtoto aliyemwagikiwa chai mkononi, amempaka dawa ya meno. Niliiosha yote, nikaushika ule mkono chini ya maji ya bomba hadi mtoto akaacha kulia. Wanaume waliotoka mtaa wa Fedha kwa miguu, magari yakiwa yamekoma, walikuja na malengelenge kwenye visigino. Niliwakataza kuyapasua. Waliokatwa na vioo niliwakandamiza majeraha kwa kitambaa safi, nikawaosha kwa maji na sabuni, nikawafunga. Kila mmoja nilimwambia maneno yale yale: wekundu ukisambaa, pakivimba, pakitoa usaha, au ukipata homa, usikae nyumbani. Tafuta daktari.

Siku ya tatu walikuja watu wakamwambia Mama Wambui ahame kabla jua halijatua. Kosa lake lilikuwa lugha ya mama yake.

Barasa hakubishana nao. Walipoondoka tu, alimpitisha nyuma ya nyumba, akamwinua juu ya ua wa mabati, akamfikisha kanisani ambako wengine walikuwa wamekimbilia. Alipokuwa akirudi, bati lilimchana muundi.

"Ni mkwaruzo tu, Mama Sifa," aliniambia.

Haukuwa mkwaruzo. Ulikuwa mkato mfupi lakini wa kina, na lile bati lilikuwa limeshika kutu. Niliuosha muda mrefu, yeye akiuma meno. Nilijua anahitaji sindano ya pepopunda, nikamwambia.

"Nitachomwa wapi leo?" aliuliza. Nikamfunga kwa kitambaa safi.

Siku mbili kidonda kilionekana kutulia. Asubuhi ya siku iliyofuata nilipofungua kitambaa, ngozi ilikuwa nyekundu, na ya moto kuliko paji la uso wake. Nilichukua kalamu ya Sifa nikachora mstari kuzunguka ule wekundu, kama nilivyofundishwa. Kufikia saa nane mchana ulikuwa umeuvuka mstari.

"Twende hospitali," nilimwambia.

"Unasikia huko nje? Tungoje kesho. Labda patatulia."

Nilisikia. Bunduki zilikuwa zikilia karibu na kituo cha basi. Jirani alikuwa ametoka asubuhi kutafuta unga, hajarudi. Mimi, niliyewaambia wote wasikae nyumbani, nilikaa.

Alfajiri Barasa alikuwa akitetemeka, na aliniita kwa jina la dada yake.

Nilimfunga shuka mabegani, tukatoka.

Barabarani kulikuwa na mawe na matairi yanayowaka. Wanaume watano walitusimamisha.

"Niaje, mathe. Mnaenda wapi?"

"Mzee ni mgonjwa."

Mmoja aliinua shuka, akauona mguu. Akageuza uso pembeni.

"Wacheni wapite."

Hatukufika mbali.

Lori la askari lilikunja kona. Mtu akapiga kelele. Mlio.

Nilimvuta Barasa hadi mtaroni.

Nililala juu yake. Moto wa mwili wake ulipenya nguo zangu.

Sijui tulikaa hapo kiasi gani. Kulipokuwa kimya nilimwinua. Akatembea. Mpaka leo sielewi alitembeaje.

Hospitalini daktari, mwanamke mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, alimtazama mara moja tu, akaita machela.

"Wekundu ulianza kusambaa lini?"

"Jana asubuhi."

Aliandika. Hakunilaumu. Ningefurahi kama angenilaumu.

Walimtundikia maji na dawa, wakamsafisha kidonda. Jioni alipata fahamu kidogo, akauliza kama Mama Wambui amepata mahali pa kulala. Nikamwambia amepata, ingawa sikujua. Alifariki siku ya pili.

Wiki kadhaa baadaye, barabara zilipofunguka, tulimzika kwao. Mama Wambui alinipigia simu kutoka kwa kaka yake. Alilia tu, nami nikaishika simu hadi salio lake likaisha. Hakurudi Mbotela.

Kabla sijaondoka hospitalini nilikuwa nimemwuliza yule daktari kama kumleta siku moja mapema kungemwokoa. "Kungempa nafasi nzuri zaidi," alisema. "Lakini mngeweza pia kufia barabarani." Nimeishi na sentensi zote mbili. Siku nyingine huamini ya kwanza, siku nyingine ya pili.

Bado watu huniletea watoto waliojikwaruza wakicheza juani. Naosha, nafunga, na nikiona wekundu unasambaa nasimama mlangoni hadi mama avae viatu.

Kwenye cheti cha kifo waliandika kwamba damu yake iliingiwa na sumu ya kidonda. Ni kweli. Walipoorodhesha waliokufa katika ghasia zile, Barasa hakuwamo, kwa kuwa hakupigwa risasi wala panga. Sifa aliniuliza mwaka jana kama baba yake alikufa vitani au kwa ugonjwa.

Nilimwambia alikufa kwa kidonda kidogo, wakati ambapo hospitali ilikuwa mwendo wa nusu saa na hapakuwa na njia.