Alimlisha Nedka miaka tisa, leo anaulizwa yeye ni nani wake

Saa moja na robo asubuhi, mvuke umeshajaa chumba cha kuchunia pilipili. Rumena Tsaneva amesimama wa tatu kutoka mlangoni, aproni ya plastiki imemfika miguuni, mbele yake lundo la pilipili hoho nyekundu zilizotoka kwenye tanuri sasa hivi. Anashika moja kwa kikonyo, anapitisha kidole gumba chini ya ganda lililoungua, anavuta. Ganda linatoka zima, kama soksi.

Ni Septemba na kiwanda hakipumui. Wanawake wengine huchuna kreti thelathini kwa siku. Rumena hufikisha ishirini na nne, na msimamizi wao, bibi Stefka, ameshaacha kumgombeza.

"Wewe Rumena, hizo pilipili unazichuna kama unamvua mtoto mchanga nguo," anamwambia akipita.

Wenzake wanacheka. Rumena naye anacheka, mkono ukimkimbilia mdomoni kuuficha.

Kuficha mdomo ni mazoea ya utotoni. Alizaliwa miaka thelathini na sita iliyopita na mdomo sungura, uliopasuka mpaka ndani kwenye kaakaa. Mama yake alikuwa na miaka kumi na saba, akashauriwa amwachie serikali. Mtoto alipotimiza miaka mitatu, na maneno yake yote yakiwa yanatokea puani, daktari mmoja aliandika kwamba ana upungufu mkubwa wa akili. Karatasi hiyo moja ndiyo iliyompeleka makao ya watoto walemavu ya Gorna Livada, kilomita sita kutoka barabara ya lami, na ndiyo iliyomweka huko miaka kumi na mitano.

"Mimi akili nilikuwa nayo," anasema. "Ila nilikuwa nayo peke yangu."

Anazungumza taratibu, akilipatia kila neno nafasi yake. Kaakaa lilizibwa kwa upasuaji alipokuwa na miaka ishirini na nne, na mpaka leo maneno mengine humponyoka. Asipoeleweka husema tena, bila kukasirika.

Gorna Livada ilikuwa na watoto sitini na watatu. Waliotembea walikaa vyumba vya chini. Wasiotembea waliwekwa ghorofani, katika chumba walichokiita cha walalao: vitanda vya chuma ishirini na viwili, magodoro yaliyofunikwa kwa nailoni, vichwa vyote vimenyolewa. Nguo zilitoka kwenye kapu moja. Gauni ulilovaa Jumatatu, Alhamisi ulimwona nalo mwenzako.

Wakati wa chakula mhudumu alipanda na ndoo ya popara, mkate uliolowekwa kwenye maziwa, na kijiko kimoja. Watoto walilishwa wakiwa wamelala chali. Kila mtoto dakika mbili, mbili na nusu. Anayekohoa aliachwa akohoe, mhudumu akaenda kitanda kinachofuata.

Majira ya baridi ya mwaka 1997 nchi nzima ilikuwa inapanga foleni ya mkate, na makao yalikuwa nyuma kabisa ya foleni hiyo. Watoto sita wa chumba cha walalao walizikwa kabla theluji haijayeyuka. Shangazi Donka, mhudumu wa zamu, alibaki peke yake ghorofani. Siku moja alimshika Rumena mkono, akampandisha ngazi, akampa kijiko.

"Mikono yako mizima," alimwambia. "Mlishe huyo wa dirishani."

Rumena alikuwa na miaka tisa. Wa dirishani aliitwa Nedka, wa miaka mitano, mwembamba kama ufito, miguu imepindana, mikono haimtii. Alipompa kijiko cha kwanza, popara ilimtoka Nedka puani.

"Hiyo mimi niliijua," anasema Rumena. "Na mimi chakula kilikuwa kinanitoka puani. Nilijua ukila umelala unazama. Nikaona basi, tatizo lake si kula. Tatizo ni kulala."

Akapanda kitandani, akamkalisha, akamwegemeza kifuani pake. Kijiko kidogo, kisha kusubiri. Mlo wa kwanza ulichukua karibu saa nzima, na Shangazi Donka aliyerudi kuchukua ndoo alisimama mlangoni akawatazama.

Tangu siku ile Nedka akawa wa Rumena. Asubuhi, mchana, jioni, kwa miaka tisa. Nedka hakuwahi kutamka neno, lakini wawili hao walielewana. Ulimi upande wa kushoto: ongeza. Macho yakifumbwa: basi. Rumena akipuliza kijiko kupoza chakula, Nedka alicheka kwa mwili mzima mpaka kitanda kikalia. Kwenye mafaili ya makao iliandikwa kwamba mtoto huyo hana mawasiliano.

Waswahili husema undugu ni kufaana, si kufanana. Serikali ilikuwa na hesabu nyingine. Rumena alipotimiza miaka kumi na minane ilibidi ahamie makao ya watu wazima. Gari lilipokuja, aliambiwa asilie, mwenzake ataletwa keshokutwa. Alipanda ghorofani akamweleza Nedka, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na minne.

"Nilimwambia keshokutwa tutakuwa wote. Nilimdanganya, kwa sababu na mimi nilidanganywa."

Huko alikopelekwa, majira yote ya baridi alilala ukingoni mwa kitanda ili nafasi ya Nedka iwepo.

Miaka saba ilipita. Alihamishiwa nyumba ndogo mjini pamoja na wanawake wengine watano, akafanyiwa upasuaji, akaanza kujifunza kusoma. Kila ofisi aliyoingia kumuulizia Nedka ilimuuliza kwanza: ni nani wako? Akisema si ndugu, dirisha lilifungwa.

Aliyempa jibu alikuwa Shangazi Donka. Walikutana sokoni, bibi huyo akiuza asali na njugu za jozi. Alimtambua Rumena kabla Rumena hajamtambua yeye. Alimtajia kijiji alikopelekwa Nedka baada ya Gorna Livada kufungwa, mwendo wa saa tatu kwa basi na treni, kisha akaanza kujieleza bila kuulizwa.

"Nilikuwa peke yangu, mwanangu. Vitanda ishirini na viwili."

Rumena alimwambia anajua. Anasema hakuona la kumsamehe mwanamke huyo, kwa maana ndiye aliyempa kijiko.

Safari ya kwanza alibeba mtindi na jamu ya matunda ya plamu. Alimkuta Nedka katika chumba cha mwisho, ana miaka ishirini na mmoja na mwili wa mtoto wa miaka minane. Meno yake yote ya mbele yalikuwa yameng'olewa, kwa sababu, alielezwa, alikuwa anauma vijiko. Rumena alipoita jina lake, Nedka alimtazama muda mrefu. Kisha akageuza uso ukutani.

Rumena alikaa pale saa nzima, mtindi mapajani, akarudi na mtindi wake.

"Ana haki," anasema. Anaokota pilipili iliyoanguka mezani, anaiweka juu ya nyingine. "Ningekuwa mimi ningegeuka hivyohivyo."

Ilikuwa hivyo safari ya pili, na ya tatu. Safari ya nne, Rumena alipopuliza kijiko, uso ulirudi polepole kutoka ukutani. Ulimi ukatoka, upande wa kushoto.

Tangu hapo ni miaka kumi na moja. Humtembelea Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, kwa muda wa saa moja tu. Nauli, chumba alichopanga baadaye na chakula vyote hutoka kwenye mshahara mdogo wa mwezi, leva mia tisa na thelathini za fedha ya huko. Halalamikii hilo. Linalomkosesha usingizi ni agizo alilopewa mwaka juzi, kwamba mgeni asimlishe mkazi. Akipaliwa, aliulizwa, nani atajibu? Kwa hiyo sasa humshika mkono na kumtazama akilishwa na mwingine, amelala chali.

Mwezi wa Februari Nedka alipimwa, akawa na kilo ishirini na sita. Makao yakapendekeza awekewe mrija tumboni, asilishwe tena kwa mdomo. Anayetakiwa kusaini kwa niaba yake ni mkurugenzi wa makao, ambaye kisheria ndiye mlezi wake.

Mkurugenzi huyo, aliyeomba asitajwe jina, haongei kama mtu mbaya. Anasema ana mhudumu mmoja kwa wakazi kumi na wanane, na kwamba mrija ni afadhali kuliko njaa. "Nipe watu watatu zaidi," anasema kwa simu, "nami nitamlisha kila mmoja kwa saa nzima."

Rumena hapingani na hesabu hiyo. "Kama koo lake limekataa, wamwekee. Lakini koo halijakataa. Waliochoka ni wao. Ukimfunga mdomo, atasema na mimi kwa kitu gani?"

Aliomba manispaa imfanye yeye mlezi. Alikataliwa kwa sababu mbili: si ndugu, na yeye mwenyewe alikuwa chini ya mlezi mpaka mwaka 2019, mahakama ilipomrudishia haki ya kusaini jina lake. Akakata rufaa. Wakili Asenov anamsimamia bila malipo.

Shauri lilisikilizwa mara ya kwanza mwezi Juni. Hakimu, mwanamke wa makamo, alimuuliza swali lilelile la madirishani: wewe ni nani wake?

"Mimi ndiye ninayejua anavyokula," alijibu.

Karani alimwomba arudie, hakuwa amesikia vizuri. Akarudia.

Hakimu aliahirisha shauri na kuagiza kwamba Nedka asiwekewe mrija kwanza, mpaka atakapokwenda kumwona mwenyewe mwezi Novemba. Rumena, anayetaka kukaa na Nedka akishinda, ameshahamia chumba cha chini kisicho na ngazi, na kituo cha walemavu cha mtaani kimekubali kumpokea Nedka mchana, wakati yeye yuko kazini. Bibi Stefka ameahidi kumpa zamu isiyopita saa nane, kwa sharti la kreti ishirini na sita. Rumena amesema atajaribu.

Kengele ya mapumziko inalia. Wanawake wanavua glavu, wanatoka uani kula mkate na jibini juani. Rumena anakaa pembeni kidogo, anatafuna polepole, mgongo umenyooka.

Kwa siku ile ya Novemba ameshamwomba wakili wake jambo moja tu. Wakili amemwambia ratiba ya hakimu si ya kuchezewa, lakini amekubali kuandika barua.

"Nataka aje saa ya chakula, na mimi niruhusiwe kumlisha," anasema Rumena. "Akija saa nyingine ataona mgonjwa kitandani. Akija saa ya chakula, atamwona Nedka."