Mkaja wa Mama Anitha

Hapa Kikuyu, Dodoma, kuna mtu mmoja tu asiyeruhusiwa kukasirika, naye ni jirani yangu Emiliana, ambaye sote tunamwita Mama Anitha. Mimi nikigombana na muuza maji, watu wanasema nina mdomo, basi yameisha. Yeye akiinua sauti kidogo wanatazamana, halafu mmoja anamwuliza kwa upole unaoudhi kuliko tusi: "Umemeza dawa leo?" Akicheka sana, ameanza. Akinyamaza, ndivyo ilivyoanza mwaka ule.

Mwaka ule alifiwa na mumewe, Daudi, Anitha akiwa darasa la tatu. Akakosa usingizi, akaanza kuongea na mtu asiyekuwepo, na asubuhi moja akatoka peku akafuata reli mpaka Ihumwa, anauliza kila anayekutana naye kama amemwona Daudi. Wakamfunga kamba, wakampeleka hospitali. Akatibiwa, akarudi, akaendelea na vidonge vyake, na hajaugua tena mpaka leo. Mtoto amemsomesha kwa kupika kwenye sherehe za watu. Tunapika wote wawili, lakini simu napokea mimi, kwa sababu wapo wanaosema hawawezi kula chakula cha chizi. Wanakula kila Jumamosi na kuomba mfuko wa kubebea kingine nyumbani. Hawajui tu.

Anitha alipomaliza chuo akapata mchumba, na mchumba akakimbia. Ndugu zake walikuja mtaani kuulizia, kama ilivyo desturi, iwapo ukoo una kichaa au kifafa, na mtaa ukawajibu kabla hawajamaliza swali. Anitha alikuja kulia kwangu, maana hakutaka mama yake amwone. Kwa hiyo alipopatikana wa pili, kijana wa Iringa, na wazee wake wakataka kuleta mahari, Stanley akaja na mpango. Stanley ni mdogo wake marehemu Daudi, na tangu kaka yake afe amejifanya ndiye mwenye nyumba. Wageni wanatoka mbali, akasema, hawamjui mtu hapa. Emiliana aende Gulwe kwa dada yake, akapumzike.

"Sikufukuzi, shemeji. Ni kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto ni wangu," Emiliana akasema.

Sauti ilipanda kidogo tu. Stanley akamgeukia Anitha, Anitha akatazama sakafu. Nilikuwepo, nikamwona Emiliana anavyojizuia: akavuta pumzi, akaweka mikono mapajani, akaanza kuomba. Mtu anaomba ndani ya nyumba yake. Aachwe abaki jikoni, apike, hatatoka nje mpaka wageni waondoke. Mimi nilitamani kumrushia Stanley kikombe cha chai, na hata ningekirusha wangeniita mkorofi tu.

Stanley akakubali, akijiona mwema kweli. Akaweka sharti moja, kwamba siku hiyo mtu yeyote asimwite Mama Anitha. Aitwe dada Emi.

Siku ilipofika alivaa kitenge kipya, juu yake akafunga khanga kuukuu ya jikoni. Sikumwuliza kitenge cha nini. Alipika wali, akachoma mbuzi, akapika na mlenda, akasema wakwe wasiondoke Dodoma bila kujua Wagogo wanakula nini. Jiko liko nyuma ya sebule, katikati kuna dirisha dogo lenye pazia, kwa hiyo tulisikia kila neno. Wazee wa pande mbili walitaniana, wakapatana mahari, mambo yakaenda vizuri. Emiliana alikuwa amekaa kwenye kigoda anapakua wali, anatabasamu peke yake.

Ndipo Mzee Gerson, baba mkubwa wa kijana, akasema limebaki jambo moja.

"Mkaja huu ni wa mama aliyebeba mimba. Kwetu hatuupitishi mkononi mwa mtu mwingine. Tunataka tumwone kwa macho, tumshukuru. Mama yuko wapi?"

"Amesafiri," Stanley akajibu.

"Yuko wapi huko? Tuna gari, tutampitia tu."

Watu wakacheka. Stanley hakucheka. Alikohoa, na nikajua kwamba mpango wake umefika mwisho na sasa anatafuta wa kumtoa kafara.

"Wazee wangu," akasema, "sikutaka kuharibu furaha yenu. Mama yake Anitha hatunaye tena. Alishatangulia mbele ya haki."

Niliposikia hivyo nilisubiri. Mle ndani alikuwemo Cecilia, wifi yake Emiliana. Walikuwemo majirani. Alikuwemo Anitha mwenyewe. Nilisubiri sauti yake hasa, hata kikohozi, na haikuja.

Mzee Gerson akaomba radhi kwa uchungu wa kweli, akasema haifai kutoa mkaja bila kumwombea marehemu. Tukasikia viti vinasogezwa, watu wanasimama. Emiliana naye akaweka mwiko kwenye sufuria, akainuka kwenye kigoda, akasimama wima na mikono ameifumbata, kwa sababu amelelewa kanisani na marehemu anapoombewa watu husimama. Walipomaliza sala ya Raha ya Milele akasema "Amina" pamoja nao.

"Toka," nikamnong'oneza. "Pita hapo mlangoni wakuone uko hai."

"Nitoke niwaambie mimi ndiye marehemu?" Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo. "Wewe ungemwona mwanamke anatoka jikoni anasema hivyo, ungesemaje?"

Nikamwambia basi nakwenda mimi, akanishika mkono kwa nguvu.

"Ukienda wewe, Anitha atarudi kulia kwako."

Cecilia akapokea mkaja kwa niaba ya marehemu, wakapiga vigelegele. Mimi nikawa nafikiria mbele, na kila nilikofika palikuwa pamefungwa. Harusi inakuja, na mama wa bibi harusi ameshafariki. Wajukuu watazaliwa, watabatizwa, wataonyeshwa picha ya bibi yao, wataambiwa apumzike kwa amani. Kuna watu wanawaua wenzao kwa panga na wanafungwa. Stanley aliua kwa sentensi moja, tena amekaa, na wageni wakampa pole.

Baada ya kula, shangazi wa kijana, mama mmoja mpole aitwaye Yudith, akaja jikoni na sahani yake mkononi.

"Poleni na kazi, mama zangu. Mmetupikia vizuri mno."

"Ahsante, tumeshapoa," Emiliana akajibu.

Yule mama hakuondoka. Akasogea karibu, akashusha sauti.

"Na marehemu, mama yake binti, mlimfahamu?"

Mimi niliinama nikajifanya nachochea moto.

"Nilimfahamu," Emiliana akasema.

"Maskini. Alikuwa anaumwa nini?"

"Aliumwa zamani. Lakini alipona," Emiliana akasema. "Alipona kabisa."

Shangazi akasubiri, akidhani kuna maneno mengine yanafuata. Emiliana akapokea sahani yake, akamwuliza kama amwongezee nyama.