Wifi na Mlango wa Tanuru

Mimi na wifi yangu hatupendani, na sitaandika kana kwamba tunapendana. Yeye ni dada wa mume wangu, amemaliza kidato cha nne. Mimi niliishia la saba. Wote tunafinyanga kwenye kikundi kimoja cha akina mama hapa Bombambili na tunatumia tanuru moja la umeme. Kwa muda mrefu maneno yetu yalikuwa yanapitia kwa watu. "Mwambie asogee." "Mwambie nimesikia." Na hapo tumesimama bega kwa bega.

Tanuru lililetwa na mwalimu wa kigeni aliyekaa nasi kidogo akaondoka. Alitufundisha ufinyanzi unaoitwa raku. Chungu unakitoa tanuruni kikiwa bado chekundu kama kaa, rangi yake imeyeyuka kama kioo, unakitumbukiza kwenye pipa la maranda, yanashika moto, unafunika. Moshi unakila humo. Kikipoa kina mistari myeusi na mng'ao wa shaba, na wenye maduka kule Majengo wanavigombania.

Mwalimu alituonya sana kuhusu mlango. Kabla ya kufungua, zima swichi kubwa ya ukutani, siyo kitufe cha tanuru peke yake, maana koleo ni la chuma na likigusa waya za ndani zenye umeme, umeme unakuja mkononi. Pipa likae nje. Usivae nailoni, inayeyukia mwilini. Mimi hayo niliyashika. La maranda kuwa makavu nililisahau, na haki yake nimpe, wifi ndiye aliyenikumbusha. Aliangalia pipa langu likitoa mvuke akauliza watu, "Leo tunachemsha supu?"

Sasa, huku kwetu chungu kikitoka motoni kinanyunyiziwa maji ya magome yaliyochemshwa, kikiwa bado cha moto, kwa kijitawi cha majani, ili kisivuje. Mama zetu walifanya hivyo pale pale pembeni ya moto. Wifi akaona raku nayo inyunyiziwe. Siku moja alikuja na sufuria ya maji ya magome, akaitua mbele ya tanuru, akarudisha kitufe kwenye sifuri, akafungua mlango, akachovya kijitawi chake ili anyunyizie vyungu vikiwa humo humo ndani. Swichi ya ukutani ilikuwa haijazimwa.

Nilimwona mkono unaingia. Niliusukuma mlango kwa kigongo ukajifunga, nikazima ukutani. Alivuta mkono kwa wakati, maji yakamwagika miguuni. Tukagombana pale, na wakati tunagombana vyungu vikapoa. Alipovitoa rangi ilikuwa imeshaganda, moshi haukushika kitu. Vilitoka vimefifia kama vya kuokota.

Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima, akatuita wote.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Nani aanze?"

"Niulizwe mimi niliyeharibiwa," akasema wifi. "Nilizima. Kitufe kilikuwa sifuri, kila mtu aliona. Huyu kaona vyungu vyangu vinakuja vizuri, roho ikamuuma."

"Kitufe sicho," nikasema. "Mwalimu alisema ukutani."

"Wewe umeme umeujulia wapi? Kwenu nguzo zenyewe hazijafika."

"Nguzo zimefika. Waya ndio bado."

Akina mama wakacheka, na mimi nilijuta kujibu hivyo kwa sababu nilikuwa nimempa maneno. Akaendelea kwamba tangu bibi zetu, mtu mwenye kinyongo hasogei vyungu vinapochomwa, maana vinapasuka. Kwa hiyo nisikae karibu na tanuru kabisa. Hilo sikulikana. Kinyongo ninacho.

Nyumbani nilikaa nikajiuliza. Je, niliusukuma mlango kwa sababu ya mkono wake, au kwa sababu ya vyungu vyake? Ni kweli vilikuwa vizuri, rangi zake zinanizidi. Na ni kweli kitufe kilikuwa sifuri, nilikiona kwa macho yangu. Ningesema hakikuwa, ningekuwa namsingizia. Labda mwalimu alizidisha tahadhari. Ila nikiondolewa pale, hakuna mwingine anayejali swichi, na huyu atarudia. Simpendi, lakini sikutaka afie kwenye lile tanuru.

Asubuhi nikamwomba mwenyekiti amwite fundi umeme, na asimwambie fundi nani alisema nini. Alikubali.

Fundi akafika, akawasha ukutani, akarudisha kitufe kwenye sifuri mwenyewe. Waya za ndani zilikuwa baridi. Akaingiza testa, akagusa waya. Taa ya testa ikawaka.

"Kitufe kinakata upande mmoja tu," akasema. "Joto linakatika, umeme unabaki. Nani anafungua hili kwa kitufe?"

Akatazama chini.

"Na sufuria hii ya maji ya nini hapa chini?"

"Ya magome," akasema wifi.

"Mama, utakufa ukiwa na kijitawi mkononi."

Nilingoja wifi aniangalie. Hakuniangalia. Alimwambia mwenyekiti, "Basi siku ile ilikuwa bahati yangu. Siyo akili yake."

Mwenyekiti akaamua: anayefungua mlango anazima ukutani mwenyewe, na mwenzake anathibitisha kwa sauti. Magome yanyunyizwe nje, kwenye mchanga, chungu kikishatoka kwenye maranda. Wifi akasema yeye anakubali, ila asipangwe na mimi. Akapangwa na mimi, kwa sababu wengine walikuwa wamekwenda shamba.

Alivaa glovu, akajifunga kitenge cha pamba kikamkaa vizuri. Akaenda ukutani, akaishusha swichi kwa nguvu.

"Umeona?"

"Imezimwa."

"Sema kwa sauti, usije ukasema sikuzima."

"Imezimwa, wifi."

Akafungua. Joto likatupiga wote usoni. Koleo likaingia, likatoka na bakuli jekundu, akapita nalo mbele yangu bila kusema nipishe, nikapisha. Nje maranda yakalipuka moto, akafunika pipa.

Bakuli lilitoka zuri, na pale maji ya magome yalipoligusa pakabaki madoa ya kahawia ambayo mwalimu hakutufundisha. Lilipopoa akavua glovu, akaanza kuligeuza geuza. Niliiangalia mikono yake zaidi ya bakuli. Akaona.

"Unatafuta nini?"

"Hakuna," nikasema, nikaenda kuchukua vyungu vyangu.