Jibu la Kabla ya Ijumaa

Katika mtaa wetu wa Dunda, hapa Bagamoyo, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kurudi kutoka Uingereza na Diploma. Nalisema hili bila haya, kwani hapana aliyenishika mkono. Baba alifariki ningali mdogo, mama alitulea kwa kusuka mikeka, na nilipofika ng'ambo nilifagia korido za hospitali alfajiri kabla ya kwenda darasani. Nilikaa huko miaka mitatu. Nilirudi na cheti ndani ya bomba la bati, na somo nililolimudu kuliko yote lilikuwa ushairi.

Kabla sijasafiri mama alikuwa ameshaninenea binti wa mjomba. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na mashamba ya chumvi nje kidogo ya mji, na alijulikana kwa chumvi yake na kwa tungo zake. Wiki niliyorudi, mama alipeleka posa rasmi. Jibu halikuja kwa mdomo. Lilikuja kwa ubeti mmoja ulioandikwa kwa kalamu ya mwanzi, kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu.

Katika nyumba zile za zamani, posa iliyojibiwa kwa shairi haiendelezwi kwa maneno matupu. Muoaji hurudisha ubeti wenye vina vile vile na mizani ile ile. Ubeti huo husomwa barazani kwa mwenye binti baada ya sala ya alasiri, mbele ya kila aliyekuja, na anayeusoma ni mghani mwenye sauti, wala si mtunzi. Mtunzi hukaa asikilize kama wengine. Ijumaa ikiingia bila jibu, posa imekufa. Na palikuwa na mfanyabiashara wa Pangani aliyeingojea ife.

Jumatatu mghani aliuimba ubeti wa nyumba ya mjomba:

Mwaka mmoja naita, jibu silipati ndani,
Wa pili nikajifuta, machozi yalo machoni,
Wa tatu nikaufata, ukuta ulo chumbani,
Nauuliza ukuta, wewe waniona nani?

Watu waliguna. Mimi nilisimama. Sikuombwa, lakini niliona hiyo ndiyo siku ya cheti changu. Niliwaeleza wazee kwamba miaka kuhesabiwa mmoja mmoja ni takriri, na kazi yake ni kusisitiza. Ukuta kuulizwa swali ni tashihisi, yaani kitu kisicho na roho kupewa sikio la mtu. Nikaongeza kwamba sauti ya mwanamke humo ndani ni nafsi ya kubuni, mtindo ambao washairi wa kiume huutumia sana. Nilizungumza mpaka kahawa ikapoa vikombeni.

Mjomba alinisikiliza hadi mwisho. "Ahsante, mpwa wangu," akasema. "Umetupasulia samaki mpaka mwiba wa mwisho. Sasa mpike tule."

Baraza zima likacheka, nami nikacheka nao. Nilidhani ni kazi ya saa moja.

Jumanne sikupata hata mstari. Chumba changu nyumbani kwa mama kilikuwa na dirisha moja lililotazama njia ya sokoni, na kila aliyepita alichungulia. "Vipi, Bwana Diploma, vina vimekaa?" Nikilifunga dirisha joto linanikaba, nikilifungua wananikaba wao. Niliandika ubeti juu ya theluji, nikaandika mwingine juu ya meli. Mizani ilitimia kila mahali, nane kwa nane, na kila mstari ulikuwa umekufa kama pweza aliyeanikwa.

Jumatano nilimfuata mjomba ghalani kwake. Nilimpa shikamoo nikamwomba tuzungumze kama watu wazima.

"Marahaba. Zungumza na karatasi, baba," akasema, akaendelea kushona gunia. "Mimi sina ruhusa."

"Ruhusa ya nani, mjomba? Si wewe baba wa binti?"

"Nenda nyumbani."

Nilirudi kwa mama nikamsomea ubeti wangu bora, ule wa theluji. Alikuwa akisuka ukili, wala hakuuacha.

"Mzuri," akasema. "Umemtungia nani?"

"Namjibu mjomba."

"Ala! Mjomba wako hakutunga kitu. Yeye kaandika tu, maana mkono wake mzuri. Mwenye maneno ni binti. Miaka mitatu wanawake wanamwuliza kisimani, mchumba kaandika? Naye anawajibu, kaandika, anawasalimu. Na wewe hukuandika hata mstari. Kisha umesimama mbele ya watu unasema hayo machozi ni ya kubuni."

Nilikaa chini juu ya kizingiti. Yale niliyofundishwa hayakuwa uongo, lakini yalikuwa yameishia nje ya mlango. Aliyeihesabu miaka mmoja mmoja hakutaka kusisitiza. Alikuwa ameipitia mmoja mmoja. Aliyesemesha ukuta hakuwa akitafuta pambo. Ukuta ndio uliokuwapo. Vina navyo, ambavyo nilikuwa nikiwaambia watu kwamba kazi yake ni kupendeza sikio, nikaona ndivyo vilivyomwezesha kusema hadharani jambo ambalo kwa maneno ya kawaida lingemtia aibu yeye na baba yake.

Basi nikajua la kuandika, na hapo ndipo nilipobanwa kweli. Mwaka wa kwanza huko ng'ambo nilianguka mtihani. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilianza barua mara nyingi, na kila nilipofika pahala pa kutaja masomo niliichana. Nikaapa sitaandika mpaka nipite. Nilipopita, muda ulikuwa umeshakuwa mrefu mno, sikujua nianzeje. Jibu la kweli lilikuwa hilo moja tu, na lilipaswa kuimbwa kwa sauti mbele ya watu wale wale niliowapoozea kahawa. Nikinyamaza, nimempoteza. Nikitunga uongo, yeye atautambua kwa mstari wa kwanza. Nikiungama, Bagamoyo nzima itajua kwamba Diploma ilianguka kabla ya kusimama. Nilizunguka chumba kile kama ng'ombe kwenye kinu cha mafuta.

Alhamisi adhuhuri nilimpa mghani karatasi. Aliisoma kimoyomoyo, akanitazama. "Una hakika, bwana?" Nikamwambia aimbe kabla sijamnyang'anya.

Baada ya alasiri aliimba:

Mwaka wa kwanza najuta, nilishindwa mtihani,
Barua nikaikata, nikaitupa jaani,
Aibu ikanipata, nikafungika kinywani,
Ndimi niliye ukuta, nibomoe hadi chini.

Mwuza kahawa ndiye aliyeanza. "Kumbe Uingereza nako watu huanguka!" Mwingine akadakia, "Tena kwa Kiingereza!" Walicheka wakapigana mapaja. Mimi, kwa desturi, sikuwa na haki ya kusema neno. Nilikaa nikitazama vidole vya miguu yangu, nikiusikia ubeti wangu ukirudiwa mara ya pili kama inavyotakiwa. Mara hiyo ya pili hawakucheka sana. Mzee mmoja alisema polepole, "Hapo pa kubomoa, pamenishika." Kwa mwalimu wa ushairi hiyo ni alama ya juu, na mpaka leo sijapewa nyingine ya kuizidi.

Mjomba aliingia ndani. Alikaa huko muda mrefu. Aliyetoka hakuwa yeye, ila mama mdogo wa binti, mwanamke mfupi mwenye sauti ya sokoni, akasimama mlangoni bila shairi lolote.

"Kasema kakubali," akatangaza. "Ila ana sharti, na kataka lisikike na wote. Bagamoyo hatoki. Na mume wake naye hatoki. Hangoji mara ya pili."

Nilikuwa na barua mfukoni ya kuniita nikafundishe katika shule kubwa ya bara, yenye nyumba ya bati na mshahara ambao hakuna mwenzangu aliyeuota. Watu wote walinigeukia. Mjomba alikuwa amerudi, amesimama nyuma ya shemeji yake, na uso wake haukuwa na msaada wowote.

"Semeni, bwana," mama mdogo yule akaniambia. "Sasa mna ruhusa. Maneno matupu yanatosha."

"Nimekubali," nikasema.

Nimefundisha hapa hapa tangu siku hiyo, katika darasa lenye madirisha mawili. Wenzangu niliosoma nao wamekuwa wakaguzi na wakuu wa shule, wamekwenda Tabora, Mwanza, hata ng'ambo kwa mara nyingine. Wakipita Bagamoyo hunitazama kwa huruma, nami huwaambia kwamba katika wilaya nzima hakuna anayefundisha ushairi kama mimi. Hilo ni kweli, muulizeni yeyote. Kisha wao hupanda gari, nami hurudi nyumbani kabla ya magharibi, maana mke wangu, hata nikichelewa kidogo tu, hutoka akasimama barazani.